Nidhamu ya Kibanda cha Gemu Inavyoweza Kumfikisha Kijana Kwenye Uwanja wa Mazoezi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Ukipita nyakati za jioni katika mitaa ya Mbagala, Charambe, Tandale au Bunju, hutakosa kukuta kibanda chenye pazia mlangoni, runinga mbili au tatu ukutani na vijana waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Anayefungwa huachia pedi na kurudi mwisho wa foleni. Wapo wanaofungwa mara nne katika jioni moja, na kesho yake wakarudi, wakalipa tena na kupanga foleni ile ile.

Wazazi wengi huliona jambo hilo kuwa ni upotevu wa muda, na mara nyingi wana hoja. Makala haya hayakusudii kuvitetea vibanda hivyo. Yanakusudia kueleza jambo ambalo halizungumzwi sana: kijana huyo anayevumilia kufungwa mara nne ndiye huyo huyo anayeanza mazoezi mwezi Januari na kuyaacha kabla ya Februari kuisha. Si haki kumwita mvivu. Uvumilivu anao, tena mwingi. Kinachotofautiana ni namna shughuli hizo mbili zilivyopangwa, na mpangilio wa gemu unaweza kuazimwa ukatumika katika mazoezi bila hata kuwasha runinga.

Ikumbukwe kwamba hapa tunazungumzia michezo ya video, yaani gemu za mpira, mbio za magari, mapigano na mfano wa hizo. Michezo ya kubahatisha ni suala jingine, inasimamiwa na sheria yake, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Mzazi anapomtafuta mtoto kibandani ni vyema akaangalia kwanza kilichomo ndani, kwa kuwa maneno "mchezo" na "gemu" hufunika yote mawili.

Suala la mazoezi si la anasa. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, idadi inayokaribiana na hiyo ilikuwa na uzito uliozidi, na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Kutokana na hali hiyo, Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kufanya mazoezi. Kwa upande wa vijana, Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa asilimia 81 ya vijana wa umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa.

Kiwango chenyewe kimeelezwa katika miongozo ya WHO ya mwaka 2020. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli inayouchangamsha mwili. Watu wazima wanahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mazoezi ya wastani hutambulika kwa kipimo rahisi: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. (Kipimo hiki kinawapa shida wanavikundi wa jogingi wa Temeke, ambao huimba na kukimbia kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ukiwasikiliza kwa makini utagundua kuwa kiongozi hutoa maneno mafupi na wengine huitikia kwa neno moja au mawili. Pumzi haiwaruhusu zaidi ya hapo.)

Je, gemu ina nini ambacho mazoezi ya kawaida hayana?

Kwanza, gemu haimpi mgeni kazi asiyoiweza. Hatua ya kwanza ni nyepesi kiasi kwamba karibu kila mtu huipita, ya pili huzidi kidogo tu, na mchezaji hufika hatua ya ishirini bila kuhisi kuwa alipanda mlima. Pili, matokeo huonekana papo hapo. Kila kitendo kina alama yake kwenye kioo. Tatu, kushindwa hakuna gharama kubwa. Ukishindwa unaanza tena, na hakuna anayekushangaa kwa kuwa kila aliyemo kibandani alishindwa kabla yako. Nne, kuna watu wanaokusubiri.

Watafiti wa London walichapisha mwaka 1998 katika jarida la Nature matokeo ya kupima ubongo wa wanaume wanane waliokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru. Waliona kuwa wakati wa mchezo ubongo ulitoa dopamini zaidi, kemikali inayohusika na hamu ya kuendelea kutafuta tuzo, na kwamba kiasi hicho kilihusiana na jinsi mchezaji alivyofanya vizuri. Kwa lugha nyepesi, anayeona kuwa anasogea hutamani kusogea zaidi.

Sasa linganisha na mazoezi kama wengi wetu tunavyoyaanza. Mtu ambaye hajakimbia tangu amalize shule anaamka Jumatatu, anakimbia kutoka Tegeta hadi Mwenge, anarudi akichechemea, na Jumatano hainuki kitandani. Ameanzia hatua ya ishirini. Matokeo anayoyatafuta, yaani tumbo kupungua au shinikizo la damu kushuka, hayaonekani kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo anachokiona ni maumivu peke yake. Hakuna gemu duniani ambayo ingepata wachezaji kwa mpangilio wa namna hiyo.

Kanuni ya kupanda kwa hatua ndogo haikuanzia kwenye gemu. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwahudumia askari waliojeruhiwa, wengi wao wakiwa na majeraha ya magoti, kwa kuwapa uzito wa kunyanyua uliopimwa na kuuongeza kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyorejea. Njia hiyo ndiyo msingi wa mazoezi ya misuli yanayofundishwa hadi leo. Gemu zilichofanya ni kuifanya kanuni hiyo ionekane kwa macho.

Chukua mfano wa pushapu, ambazo wengi huzikimbia kwa kuwa hawawezi hata moja. Hatua ya kwanza si sakafuni bali ukutani: simama hatua moja kutoka kwenye ukuta, weka viganja ukutani, kunja viwiko na ujisukume. Hatua ya pili ni kwenye ukingo wa meza imara au wa baraza. Hatua ya tatu ni sakafuni kwa kupiga magoti. Ya nne ndiyo pushapu kamili, na ya tano ni kuinua miguu juu ya tofali. Walimu wa mazoezi hutumia kanuni inayofanana na hii: ukiweza kurudia mara 12 kwa ubora, kwa awamu tatu zenye mapumziko katikati, umefuzu hatua hiyo na unaruhusiwa kupanda. Usipoweza, unabaki ulipo, na hilo si aibu kama ambavyo si aibu kurudia hatua ya gemu. Utaratibu huo unafaa pia kwa skwati, ukianza na kuketi na kuinuka kwenye kiti, na kwa kukimbia, ukianza na dakika moja ya mbio kwa kila dakika tatu za kutembea.

Hapa inabidi kutoa tahadhari, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa suluhisho ni kununua saa janja au kupakua programu kwenye simu. Julai 2016 ilitoka gemu ya simu iitwayo Pokémon GO, ambayo ilimlazimu mchezaji kutoka nje na kutembea ili kuwakamata viumbe wa kubuni wanaoonekana kwenye ramani. Dunia ilisisimka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifuatilia hatua za miguu za watumiaji wa simu nchini Marekani na kuchapisha matokeo Desemba mwaka huo katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Katika wiki ya kwanza baada ya kuipakua, wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Wiki zilizofuata ongezeko hilo likapungua. Kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi kule kule walikokuwa kabla ya kuipata.

Maana yake ni kwamba upya wa kitu humtoa mtu nyumbani, lakini haumbakizi barabarani. Wiki ya sita ndiyo iwe kipimo cha kila anayeanza mazoezi, awe na saa ya bei ghali au asiwe nayo.

Kilichodumu zaidi katika tafiti ni watu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa watu wazima 200 kutoka familia 94. Nusu ya familia ziliingizwa katika mchezo wa wiki 12 uliopangwa hivi: kila wiki familia ilikabidhiwa pointi 70, sawa na pointi 10 kwa siku. Kila siku jina la mwanafamilia mmoja lilichaguliwa kwa bahati. Ikiwa mtu huyo alikuwa amefikia lengo lake la hatua za miguu siku iliyotangulia, familia ilibaki na pointi zake. Kama hakufikia, ilipoteza 10. Mwisho wa wiki familia ilipanda au kushuka ngazi kulingana na pointi zilizobaki.

Pointi zilikuwa maandishi tu. Hata hivyo, waliokuwa kwenye mchezo walifikia malengo yao katika asilimia 53 ya siku, ikilinganishwa na asilimia 32 kwa wale ambao hawakuwemo. Wabunifu wa mpango huo walielewa jambo ambalo kila mchezaji wa kibandani analijua: kupoteza ulichokwisha kukipata kunauma kuliko kukosa kupata. Walijua pia kwamba baba au dada hapendi kuwa ndiye aliyeiangusha nyumba.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wafanyakazi 602 wenye uzito uliozidi, pia nchini Marekani. Waligawanywa katika makundi: waliopewa ndugu au rafiki wa kuwatia moyo, walioshirikiana kama timu, walioshindanishwa, na waliobaki na kifaa cha kuhesabia hatua peke yake. Kwa wiki 24 makundi yote matatu yenye mchezo yalilizidi kundi la nne. Walioshindana waliongeza hatua 920 zaidi kwa siku, waliotiwa moyo 689, na walioshirikiana 637. Mchezo ulipoondolewa na kufuatiliwa kwa wiki nyingine 12, waliokuwa wakishindana ndio pekee waliobaki juu kwa tofauti ya kueleweka. Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa alitarajia walioshirikiana ndio wangedumu.

Ushindani huo, hata hivyo, unafaa kupangwa kwa busara. Gemu nzuri humkutanisha mchezaji na mpinzani wa kiwango chake. Kumshindanisha mama mwenye kilo 95 anayeanza kutembea na kijana anayecheza mpira kila jioni ni kumfukuza mama huyo. Kila mtu ashindane na lengo lake mwenyewe, kisha yalinganishwe malengo yaliyofikiwa, si kilomita.

Mpango wa pointi 70 unaweza kuendeshwa katika nyumba yoyote ya Chamazi au Mabwepande kwa daftari la shule na vikaratasi vya majina kwenye kikombe. Kila mwanafamilia aandike lengo lake la siku. La bibi linaweza kuwa kutembea dakika 10 hadi dukani na kurudi. La mtoto wa sekondari dakika 60 za kucheza na kukimbia. La mama anayefanya biashara sokoni dakika 30 za kutembea kwa haraka. Usiku, kabla ya kulala, kikaratasi kimoja hutolewa kwenye kikombe na mwenye jina hueleza kama amefikia lengo. Anayejibu kwa uongo huwa anajulikana. Nyumba zetu si kubwa kiasi hicho.

Wanaotoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi magari ya kwenda mjini hulalamika kuwa hawana muda, na malalamiko hayo ni ya kweli. Hesabu ifuatayo inaweza kuwasaidia. Anayeshuka kituo kimoja kabla ya kile anachokwenda na kutembea kwa haraka dakika 15 asubuhi, na akafanya hivyo hivyo jioni, siku tano za kazi, ametimiza dakika 150 za wiki. Vituo hivyo ndizo hatua za gemu yake. Mwezi ujao anaweza kushuka viwili kabla.

Wazee wetu hawakuhitaji tafiti za ng'ambo kulijua hili la watu. Waliosoma shule za msingi nchini wanakumbuka mchakamchaka wa asubuhi, ambapo darasa zima lilikimbia kwa wimbo mmoja na aliyechelewa alionekana na wote. Vikundi vya jogingi vinavyoonekana asubuhi za Jumamosi na Jumapili katika barabara za Temeke na Kinondoni ni watoto wa mchakamchaka. Vina fulana zao, viongozi wao, michango ya misiba na harusi, na hutembeleana mtaa kwa mtaa. Mwanakikundi asipoonekana wiki mbili hupigiwa simu. Kwa kijana anayetoka kibandani, hapo ndipo penye mfanano mkubwa zaidi: benchi la wanaomsubiri lipo, ila safari hii limesimama na linakimbia.

Yapo mambo ambayo mwili haufuati sheria za gemu, na kuyapuuza ni hatari. Kwenye gemu, anayecheza saa nyingi zaidi hupanda haraka zaidi. Mwili haujengwi hivyo. Misuli hupata nguvu wakati wa mapumziko baada ya mazoezi, hivyo kundi lile lile la misuli linafaa kupumzishwa takriban saa 48 kabla ya kupewa kazi nzito tena. Aliyezoea kurudia hatua usiku kucha mpaka aipite atajiumiza. Goti lililoteguka halina kitufe cha kuanza upya.

Tarakimu nazo zisiabudiwe. Lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku lilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japan mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee nchini Marekani ulionesha kuwa waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Aliyefikisha 5,000 jana hajafeli.

Aidha, WHO imeutambua uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuipa gemu kipaumbele kuliko shughuli nyingine zote, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana aliyefikia hapo anahitaji msaada wa wataalamu wa afya. Kumwambia aende akakimbie hakutoshi. Walio wengi, hata hivyo, hawajafika huko.

Kwa anayetaka kuanza, mambo machache ya kuzingatia. Mwenye historia ya shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua apime kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu. Kutokana na joto la Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, muda mzuri ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na maji yawepo. Barabara nyingi za pembezoni hazina njia ya waenda kwa miguu. Kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa nguo zinazong'aa, na usiweke spika za masikioni. Wasichana na wanawake wanaohofia giza la alfajiri wanashauriwa kuungana na kikundi badala ya kutoka peke yao. Uwanja wa shule ya jirani, kwa ruhusa ya uongozi wa shule, mara nyingi ni salama kuliko barabara.

Siku nzuri ya kuanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa kuwa utakuta wenzako barabarani. Chora kwenye daftari mistari ya wiki nane, na ule wa wiki ya sita uuandike kwa wino mwekundu. Kabla haujafika, badilisha kitu: njia mpya, mwenza mpya, au changamoto kwa mtaa wa pili kwamba Jumapili ijayo anayeshindwa ndiye atakayenunua madafu.